Mpiga makasia arudi mtoni na chuma begani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamume mmoja anaingia mtoni hadi magotini na kuchomeka fimbo yenye alama kwenye changarawe. Maji yanaishia alama ya pili kutoka chini. Anaitazama, anaichomoa, kisha anarudi ukingoni akipuliza viganja vyake.

"Madogo," anasema. "Leo boti ya mbao inabaki nyumbani."

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Hapa mtoni, jina alilopewa na wazazi wake halijulikani sana. Wageni na wenzake humwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno analolitoa kila samaki anaponasa na mgeni akaanza kuvuta kama anayeng'oa mhogo.

Kazi yake ni kupiga makasia. Mgeni hukaa mbele ya boti akirusha chambo cha manyoya, yaani ndoana ndogo iliyovishwa nyuzi na manyoya ya ndege ili ifanane na mdudu. Anayetafutwa ni trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoa ubavuni na macho makali. Taratibu hukaa katikati na kuizuia boti isikimbie na mto, ili mgeni apate nafasi ya kutupa chambo mahali panapofaa.

"Watu wanadhani mimi ndiye ninayeipeleka boti," anasema. "Mto unaipeleka bure. Mimi nalipwa kwa kuukatalia."

Kwa miezi minane hajaketi kwenye kiti hicho. Bega lake la kushoto lina bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu, na mkono huo haupandi zaidi ya usawa wa sikio.

Mwenye kambi ya uvuvi, mwanamke aliyeurithi mradi huu kwa baba yake, amempa safari moja ya kujaribiwa: kutoka darajani hadi mito miwili inapokutana, akiwa na mgeni mmoja. Mwenye kambi akiridhika, kiti kitakuwa cha Taratibu tena. Asiporidhika, kiti atapewa mtu mwingine, na Taratibu atabaki stoo kuziba suruali za mpira na kupanga ndoana.

Tofauti si ndogo. Safari moja ya mtoni humlipa sawa na siku nne za stoo. Binti yake wa mwisho yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi.

Banda la boti liko hatua chache kutoka darajani. Ndani mna harufu ya mpira, rangi na mbao zilizoloa. Suruali za mpira zimening'inizwa kwa mabuti, miguu juu, ili zikauke. Fimbo za kuvulia zimesimamishwa ukutani kuanzia fupi hadi ndefu, na kila moja ina mshipi uliochaguliwa kulingana na uzito wake.

Leo boti zilizobaki bandani ni mbili. Ya mbao ina tumbo bapa na ncha zilizoinuka, na hugeuka hata ukiigusa kwa kasia moja. Kwa mtu mwenye bega bovu, hiyo ndiyo nyepesi. Ya mpira imejazwa upepo na kufungiwa fremu ya chuma. Ni nzito kupiga, na upepo ukivuma huisukuma kama kopo tupu.

Taratibu anaipita ya mbao bila kuigusa.

"Shemeji, fikiria bega," anasema seremala, kaka wa mkewe, aliyeitengeneza boti hiyo na kuipaka rangi mara mbili mwaka huu. "Ya mbao itakuhurumia."

"Itanihurumia mimi. Mawe je, yataihurumia yenyewe? Maji haya, kila jiwe limetoa kichwa. Mpira ukigonga unateleza. Mbao ikigonga, nakurudishia kuni."

"Basi nimetengeneza kuni miaka yote hiyo."

"Kuni nzuri sana, shemeji."

Seremala anacheka, kisha anatoa nyuma ya mlango vitu viwili virefu vilivyofungwa kwenye blanketi kuukuu. Ni makasia mapya. Mpini wa kila moja ni mwembamba kuliko wa kawaida, na ndani ya kishikio seremala ametoboa tundu na kumwaga risasi iliyoyeyushwa, ile ile inayotumika kutengenezea vizito vya nyavu. Uzito huo huketi upande wa mkono. Mpiga makasia akilegeza, bapa la upande wa pili hujiinua lenyewe kutoka majini.

Taratibu anaweka kasia moja juu ya kidole, anatafuta mizani yake, kisha anaupapasa mpini kutoka mwisho hadi mwisho.

"Usianze kulia," anasema seremala. "Nilikuwa namwonea huruma dada yangu. Amechoka kukuona nyumbani."

Mkewe hakani. Siku mbili kabla ya safari, akiwa jikoni kwake anamenya vitunguu, alieleza jinsi mumewe alivyomaliza miezi ya mwanzo akiwa hawezi kuvaa shati peke yake.

"Nilikuwa namvalisha, namfunga vifungo, halafu ananikosoa," alisema. "Eti kifungo cha juu kinambana. Nikamwambia, baba, mto umekushinda, sasa unataka kushindana na mimi?"

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimpa mazoezi ya kuinua chupa ya maji. Mkewe ndiye aliyeyasimamia. Alianza na chupa ndogo, ikafuata kubwa, kisha dumu. Alimsimamisha mlangoni ili mgongo uguse mwimo, asipate nafasi ya kujipinda na kudanganya.

"Huyu mama ni daktari asiye na huruma," Taratibu alisema siku hiyo akiwa amekaa kwenye kigoda kando yake. "Nikisema inauma, ananiuliza, inauma ya kulia au inauma ya kulalamika?"

"Na jibu?" mkewe akadakia.

"Jibu lilikuwa la kulalamika."

Kilichomvunja bega kilitokea mto ukiwa umejaa. Maelezo ya watu watatu waliokuwepo yanakubaliana.

Mgeni wa siku ile alikuwa baharia mstaafu, mzee wa miaka sitini na minane aliyeendesha meli za mizigo nusu ya maisha yake. Kambini wanamwita Nahodha. Wakiwa bado darajani, Taratibu akichagua chambo kwenye sanduku, Nahodha aliona kamba ya nanga. Mwisho wake ulikuwa umelala huru ndani ya boti, haukufungwa popote wala haukuwa na fundo. Kwa jicho la baharia, huo ni uzembe. Akainama, akaupitisha kwenye pete ya tezi, yaani nyuma ya boti, na kuufunga fundo safi, akaketi.

Mtoni mambo ni kinyume. Nanga ya boti hizi hushushwa tezini, na maji huja yakiipiga boti kwa nyuma. Nanga ikikwama kwenye maji ya kasi, kamba hukaza na kuivuta tezi chini, na boti hujaa kwa muda mfupi mno. Dawa yake ni moja: mpiga makasia anaiachia kamba yote itoke, nanga inabaki mtoni, boti inaokoka. Ndiyo maana mwisho wake haufungwi fundo.

Siku ile nanga ilikwama. Taratibu aliiachia kamba. Ikatoka, ikatoka, kisha ikasimama. Tezi ikazama. Boti ilipolalia upande, fremu ya chuma ilimpiga begani na kumtupa majini.

Nahodha ndiye aliyechomoa kisu kilichokuwa kifuani mwa jaketi lake na kuikata kamba. Boti ikajinyoosha. Mpiga makasia wa boti iliyokuwa nyuma yao, kijana wa pili kwa cheo kambini, aliruka na kumvuta Taratibu ukingoni kwa kola.

"Baharini mtu akiacha kamba bila fundo anatukanwa mpaka na mpishi," alisema Nahodha. "Mkono wangu ulifunga kabla kichwa hakijauliza. Nimemwomba radhi mara nyingi. Hanipi hata nafasi ya kumaliza."

Taratibu ana maelezo yake. Anasema kukagua kamba kabla ya kuondoka ni kazi ya mwenye makasia, si ya mgeni, na siku ile hakukagua.

"Fundo alifunga yeye, kamba akaikata yeye. Hapo hakuna deni," anasema. "Mimi nilivunjika bega moja, nikaazimwa sita. Mawili ya mke wangu, mawili ya shemeji, mawili ya yule kijana aliyenivuta. Mtu mwenye mabega saba atanung'unika nini?"

Alipoulizwa na mwenye kambi amchukue mgeni gani kwenye safari ya leo, alimtaja Nahodha.

Saa moja na nusu, boti ya mpira inashushwa majini chini ya daraja. Taratibu anamkagua abiria wake kama anavyowakagua wageni wote. Anavuta mikanda ya jaketi la kuelea. Anapitisha kidole kwenye nyayo za mabuti kuhakikisha hakuna jani la mto mwingine lililonata, kwa sababu gugu moja likiota hapa litaziba kina chote. Anachagua fimbo ndefu, mshipi mwembamba na chambo kidogo cha kijivu kisichozidi punje ya mchele.

"Hicho hata mimi sikioni," anasema Nahodha.

"Si wewe unayepaswa kukila. Maji yakiwa meupe hivi, trauti anakuona kabla hujamwona. Ukimtupia kitu kikubwa anajua kuna mtu."

"Na kamba?"

"Iangalie mwenyewe."

Nahodha anainama tezini, anaunyanyua mwisho wa kamba na kuuweka mahali wote wawili wanapouona. Hauna fundo.

Wanaondoka.

Sehemu ya kwanza ya mto ni pana na tulivu, na njia ya ukingoni inaufuata kwa karibu, kiasi kwamba sauti zao zinasikika nchi kavu. Taratibu anapiga kinyumenyume, mapigo mafupi. Makasia mapya yanaingia majini bila kurusha tone. Kwenye kila pigo bega la kulia linafanya kazi kubwa na la kushoto linafuata, na boti inavuta kidogo upande mmoja. Baada ya kona mbili amelizoea hilo na anaanza kulirekebisha kabla halijatokea.

"Kushoto kwako, chini ya tawi. Tupa juu yake, uache kishuke chenyewe."

Nahodha anatupa. Chambo kinaanguka nyuma ya tawi.

"Hapo umemtupia ndege."

"Subiri, nachukua kipimo."

"Chukua. Trauti ana subira, hana ofisi."

Mara ya nne chambo kinashuka mahali pake. Maji yanafunguka na kufunga. Fimbo inapinda.

"Taratibu!" anasema Taratibu. "Taratibu, mpe mshipi. Mwache aende. Taratibu, mzee, huvuti meli."

Samaki ana urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Taratibu anamshika ndani ya wavu bila kumtoa majini, anachomoa ndoana na kumwelekeza kichwa kwenye mkondo. Samaki anapumua mara kadhaa, kisha anaondoka. Nahodha, aliyewahi kufikisha maelfu ya tani za shehena bandarini bila sherehe, amesimama ndani ya boti amenyoosha mikono yote miwili.

"Kaa chini," anaambiwa.

Nusu ya safari, mto unabanwa kati ya miamba miwili. Wapiga makasia wanapaita koo. Maji yanaingia kwa kasi, yanapinda kulia, na mtu anatakiwa aivute boti kushoto kwa mapigo makubwa ili asipigwe ukutani. Mwenye kambi amekuja kwa gari na amesimama juu ya mwamba wa upande wa pili, mikono ndani ya mifuko ya koti. Hapa ndipo alipotaka kumwona.

Kabla ya kufika, Taratibu anaielekeza boti ukingoni. Anashuka, anatembea juu ya mawe hadi pembeni mwa koo na kutazama. Mti mzima, ulioporomoka kutoka ukingoni siku za karibuni, umelala upande wa kulia. Matawi yake yako chini ya maji. Njia iliyobaki wazi ni ya kushoto, nyembamba, na ili uipate lazima uanze kuvuta mapema kwa mkono wa kushoto.

Anaupima mkono wake hewani. Anaurudia. Kisha anarudi kwenye boti.

"Shuka, mzee. Tunatembea."

"Tunatembea?" Nahodha anatazama mwambani. "Si anakuangalia?"

"Aangalie. Shuka."

Nahodha anapita njia ya ukingoni akiwa amebeba fimbo yake. Taratibu anafunga kamba ndefu omoni, mbele ya boti, na nyingine tezini, anaisukuma boti tupu pembezoni mwa maji, na kuishusha kidogokidogo akiwa anatembea juu ya mawe, akiilegeza hapa, akiizuia pale, kama mtu anayemteremsha ng'ombe mkaidi mlimani. Mara moja inazunguka na kumvuta. Anakaa chini juu ya jiwe, anakita visigino, na inatulia. Hakuna anayemsaidia, na hakuomba.

Chini ya koo, mwenye kambi ameshavuka daraja la waendao kwa miguu na anamsubiri.

"Ni mti au ni bega?" anauliza.

Taratibu anakunja kamba kwanza.

"Yote mawili, mama. Ningekuwa na bega zima ningepita kushoto bila kushuka. Kwa hili nililonalo, sipiti. Leo sipiti."

"Kesho je?"

"Kesho mti ukiwapo, sipiti. Mti ukiondoka, napita."

Mwenye kambi anaitika kwa kichwa na kurudi kwenye gari lake. Hasemi kama amefaulu au ameshindwa. Nahodha anapanda boti na kuilaza fimbo yake miguuni.

"Ungesema mti tu," anamwambia Taratibu.

"Halafu wiki ijayo anipe wageni wawili akiamini nina mikono miwili?"

Baada ya koo mto unalala tambarare, na upepo uliokuwa ukingojewa unafika. Unavuma kutoka chini kuja juu, moja kwa moja usoni mwa boti ya mpira. Hapa mto haupeleki tena chochote. Taratibu anaigeuza boti, anaupa upepo mgongo wake, na kuanza kuvuta. Anavuta, anapumzika muda wa pumzi moja, anavuta. Mistari ya jasho inashuka shingoni licha ya baridi. Nahodha amekunja mshipi na kulala chini kadiri awezavyo ili upepo usimpate.

"Nikuimbie?"

"Ukiimba nakushusha."

Risasi iliyo kwenye vishikio inafanya kazi yake. Kila pigo linapoisha mkono wa kushoto unalegea, na bapa la kasia linanyanyuka lenyewe. Taratibu anasema baadaye kwamba kwa makasia ya zamani angeishia katikati.

"Nilikuwa namshukuru shemeji kila pigo," anasema. "Ila msimwambie. Atataka boti ya mbao isifiwe pia."

Mito miwili inapokutana kuna ufuko mdogo wa mchanga wa kijivu. Boti inagusa mchanga saa saba kasoro. Taratibu anashuka, anaivuta hadi mahali pakavu kwa mkono wa kulia, na kumpa Nahodha mkono huohuo ashuke. Mkono wa kushoto ameuacha uning'inie.

Seremala amefika kwa pikipiki. Mkewe Taratibu amekaa nyuma yake na chupa ya chai. Anamwangalia mumewe kuanzia bega hadi vidole.

"Inauma ya kulia au ya kulalamika?"

"Ya kushukuru," anasema Taratibu, na kuketi mchangani.

Anakunywa chai kwa mkono mmoja. Anasema anataka kupiga makasia hadi binti yake avae sare ya uuguzi, na baada ya hapo amfundishe mtu mwingine kusoma maji, kwa kuwa hilo halihitaji bega. Anasema pia kwamba akipewa stoo atakwenda stoo. Hospitalini alilala kitanda cha jirani na mtu aliyevunjika mgongo, na tangu siku ile hajawahi kusema ana bahati mbaya.

Mwenye kambi anafika dakika chache baadaye. Anaizunguka boti, anaigusa kwa kiganja kuona kama inavuja upepo, anatazama makasia na kuuliza ni ya nani.

"Yangu," anasema Taratibu. "Nimepewa."

"Nina wapiga makasia wanne ukijihesabu," anasema mwenye kambi. "Leo asubuhi nilikuwa naujua ule mti. Sikumwambia mtu. Mmoja wenu alipita jana, akatoka na tundu kwenye mpira wa boti yake na mgeni analia. Aliniambia ni jiwe."

Mwenye kambi anatoa simu mfukoni, anasoma kitu, anairudisha.

"Kesho kuna wageni wawili, mtu na mkewe. Hawajawahi kushika fimbo. Utachukua boti ipi?"

Taratibu anageuka na kuutazama mto kabla ya kujibu.

"Ya mpira."

"Haya."

Mkewe anamimina chai iliyobaki na kumpa Nahodha kikombe. Seremala anainama, anaokota makasia yote mawili na kuyafunga tena ndani ya blanketi.

Siku iliyofuata, saa mbili kasorobo asubuhi, boti ya mpira iliondoka chini ya daraja ikiwa na wageni wawili. Taratibu alikuwa kwenye makasia.